Taa Nne za Kabati la Dawa

3 Machi

Waya, mdogo wangu,

Usishtuke kuona barua. Najua una simu, na mimi ninayo, ila yangu hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo. Kuta za nyumba yetu nazo ni mbao. Ukipiga chafya chumbani, jirani anakupa pole. Kwa hiyo nitakuandikia. Chochote utakachonitumia kipitie ofisi ya vifurushi vya basi, kwa jina langu, nikachukue mwenyewe.

Nina balaa kazini. Unajua ninatunza stoo ya dawa hapa hospitali. Ndani ya stoo kuna kabati la chuma lenye mofini ya maji, dawa ya maumivu ya wagonjwa wa saratani waliokwisha kuambiwa kwamba hakuna operesheni tena. Funguo za kabati ziko mbili tu, mmoja wa mkuu wa wauguzi na mmoja wangu. Tangu Desemba kuna mtu anachota dawa kwenye chupa kubwa, kisha anajazia maji.

Mkuu wa wauguzi aliniita ofisini akafunga mlango. "Ufunguo wangu haulali nje ya mfuko wangu," akasema. "Wako unalala wapi?" Nikamwambia unalala nyumbani kwangu, kwenye msumari. Akaandika. Mkaguzi anakuja tarehe 10 Aprili. Asipopatikana mwizi kabla ya hapo, mwizi ni mimi, na hilo si la kufukuzwa tu, ni la jela.

Mwizi huyu hawashi taa. Stoo haina dirisha, lakini juu ya mlango kuna kioo, na taa ikiwaka inaonekana koridoni. Nilipaka chaki kwenye swichi siku tatu mfululizo. Chaki ilibaki kama nilivyoipaka, dawa ikapungua.

Nitengenezee kamera ndogo ndani ya kiboksi, niifiche kabatini kati ya paketi za glovu. Ione gizani, na anayeonwa asijue.

Mume wangu sijamwambia kitu. Si kwamba simwamini. Anaendesha gari la wagonjwa, na dereva ana watu wengi wa kupiga nao soga.

Dada yako


7 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Kamera si tatizo. Ninayo moja niliyoing'oa kwenye kengele ya mlango iliyoungua. Ndani yake kuna kigae cha kioo kinachozuia mwanga wa infraredi. Nimekitoa kwa kibano, sasa inaona visivyoonwa na watu. Kazi ni kuchagua taa. Na usiniulize nimesomea wapi. Shule yangu ilikuwa kufungua redio za watu na kuzifunga kabla wenyewe hawajarudi.

Chukua rimoti ya televisheni, uibonyeze mbele ya kamera ya simu. Macho yako hayaoni kitu; simu itaona taa ndogo inawaka. Hiyo ndiyo infraredi. Sasa, taa hizi za LED ziko za aina mbili. Ya kwanza imeandikwa 850. Ina nguvu sana kwa kamera, ila ukiitazama gizani ina doa jekundu, kama sigara ya mtu aliyejibanza. Ya pili ni 940. Hiyo hata uibandike puani huoni kitu. Kamera nayo huiona kwa taabu, nusu ya ile ya kwanza au pungufu. Kama ni kumulika ua mzima, 940 ni kumaliza betri bure. Kwa kabati lenye kina cha mkono, nne zinatosha. Mwizi wako anataka 940, hakuna mjadala.

Yako mambo mengine. Taa zisikae nyuma ya kioo kimoja na lenzi. Mwanga utagonga kioo, urudi ndani, na utapata picha ya maziwa. Tia kizuizi cheusi katikati. Zisielekee chupa usoni, zimulike ubavuni, la sivyo chupa itang'aa na lebo itafutika. Na usizipe umeme mwingi kwa tamaa ya mwanga, maana kiboksi ni kidogo na joto halina pa kwenda.

Nakutumia nne za kila aina uzijaribu, na karatasi ya jinsi ya kuziunga. Enzi zile ulinishikia tochi nikilehemu. Uzee umefika, shika chuma mwenyewe.

Mimi mzima. Mgongo unanisumbua kidogo. Kiti changu ni kibovu, na fundi viti ananiambia nije kesho tangu mwaka jana.

Waya


12 Machi

Waya,

Taa zimefika. Fundi wa eksirei ameniazima chuma cha kulehemu bila kuuliza maswali, nadhani ananiogopa. Nimeunga moja ya kila aina, nimeona tofauti kwa macho yangu. Lakini nimejiunguza vidole mara mbili, akili yangu haiko hapo. Funga boksi zima wewe mwenyewe, na ufunge hizo zisizoonekana. Hizi za majaribio nimezitia kwenye droo.

Nikueleze akili iko wapi. Wodi ya mwisho, kitanda cha nne, kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Maumivu yakimpanda alikuwa anahesabu kwa sauti, saba saba. Dawa ilipokuwa dawa, hakuwahi kupita mia. Jumatatu alifika mia tisa na kumi. Akanishika kanga, akasema, "Mama Stoo, hiki kijani chako kimeacha kazi." Nikamtania, nikamwambia labda ni yeye kasahau kumeza. Akacheka kwa adabu.

Dawa yenyewe tunaitia rangi ya kijani ili isichanganywe na nyingine, kijani cha kukolea. Nilishika chupa yake mlangoni penye mwanga. Ilikuwa kama maji yaliyosuuziwa brashi.

Alikufa Alhamisi mchana, akihesabu. Sijui alifika ngapi. Nilitoka nje.

Dada yako


15 Machi

Shemeji,

Safari hii nakuandikia, kwa sababu kwenye simu utanichekesha nisahau nilichotaka kuuliza.

Ile dawa ya kijani unayoniletea kila ukileta wagonjwa huku, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Tangu uliponipeleka kupigwa picha ya mgongo, wakauona uvimbe, nikakuapisha usimwambie Dada, hiyo dawa ndiyo inayonikalisha kitini. Ulisema inatoka kwa rafiki yako mwenye duka la dawa.

Rafiki huyo anaitwa nani? Duka lake liko mtaa gani? Chupa iko mbele yangu, kando ya risasi ya kulehemu, na ni kijani cha kukolea.

Waya


19 Machi

Bwana Waya,

Wewe umezoea kufungua vitu vya watu. Haya, hiki kimefunguka.

Rafiki mwenye duka hayupo. Dawa inatoka kabatini kwa mke wangu. Niliuchonga ufunguo wake siku moja akiwa bafuni, na wa stoo vilevile. Naingia saa saba mchana wenzangu wakiwa wanakula. Dakika nne, bila taa. Kabati lile nalijua kama gia za gari langu.

Unataka niseme naona aibu? Naona. Lakini wale wa wodi ya mwisho safari yao imekwisha kupangwa, ukiwapa kingi au kidogo. Wewe una redio za watu mezani. Siku ile tunarudi kutoka kwenye picha ulilia kilomita arobaini. Unakumbuka niliwasha king'ora, na barabara tupu? Ulidhani nimechanganyikiwa. Niliwasha ili usione haya kulia.

Mama yenu alimfia dada yako mkononi kwa ugonjwa huohuo, ukaniambia hutamrudisha pale. Nimekubali. Nimenyamaza kwa mke wangu miezi minne, mimi ambaye siwezi kunyamaza kwenye taa za barabarani. Sasa unataka nifanye nini tena, nikae nikuangalie?

Hakuna aliyegundua. Mke wangu hana habari. Kunywa dawa.

Shemeji yako


24 Machi

Dada,

Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa na siku tatu mbaya za mgongo, sikuweza kushika kitu.

Boksi hili hapa. Nimebadili mawazo kuhusu taa, nimefunga 850. Nilizipima zile 940 kwenye kabati langu la vipuri, picha ikatoka kama uji. Kuna suala la pembe ya mwanga, na la unyeti wa kamera yenyewe, na la betri kushuka nguvu kadiri saa zinavyokwenda, na mambo mengine ambayo kuyaeleza kwa barua ni kukuchosha. Kuhusu lile doa jekundu usihofu. Mtu anayeiba hatazami ndani ya kabati, anatazama mlango.

Betri ni za kompyuta ya zamani, zinakaa siku mbili. Zibadilishe jioni.

Niamini.

Waya


24 Machi

Shemeji,

Nilijaribu kuacha. Siku tatu. Sitakueleza.

Sikiliza. Kabatini inawekwa kamera. Dada ameagizwa na ofisi, ni mambo ya ukaguzi wa kawaida, akaniomba nimtengenezee. Nimeitengeneza kwa namna yangu. Ukifungua kabati, kabla ya kugusa kitu, tazama kati ya paketi za glovu, rafu ya juu. Ukiona vidoa vyekundu, kamera inafanya kazi. Funga, uende ukale na wenzako. Usipoviona, betri zimekwisha, na siku hiyo ni yako.

Barua hii ichome.

Waya


2 Aprili

Waya,

Barua yako ya mwisho ina maneno mengi kuliko kawaida yako. Nilidhani labda homa.

Nilijifungia stoo, nikazima taa, nikafungua kabati kama ningekuwa mimi ndiye mwizi. Vidoa vinne vyekundu vilinitolea macho kama panya wawili. Mtu anayeiba gizani, mdogo wangu, hutazama kila kitu. Ninaijua hofu yake, maana ndiyo ninayoingia nayo kazini kila asubuhi.

Basi nikatoa barua zako zote mbili, nikaziweka sambamba. Waya wa tarehe 7 anasema hakuna mjadala. Waya wa tarehe 24 anazunguka. Nimeamua kumsikiliza wa tarehe 7. Fundi wa eksirei ameniazima chuma tena. Nimeng'oa 850 zako, nimeweka zile nne za 940 zilizokuwa kwenye droo, na kizuizi cheusi katikati kama ulivyonifundisha. Picha ni ya kijivu lakini lebo inasomeka mpaka tarehe ya kuharibika. Gizani haionekani hata chembe. Ungenionea fahari.

Zimebaki siku nane.

Dada yako


8 Aprili

Waya,

Nimempata. Nakuandikia nikiwa nimekaa chini, sakafuni, sijui kwa nini.

Ilikuwa juzi tarehe 6, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Nilitazama picha peke yangu, jioni, nikibadilisha betri. Mlango wa kabati ukafunguka, na kwanza nikaona shati jeupe. Nikajua ni daktari. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikaanza kupanga maneno nitakayomwambia mkuu wa wauguzi. Kumbe hiyo mianga yako inageuza rangi. Shati la bluu linatoka jeupe. Shati la bluu nililolipiga pasi mwenyewe.

Akainama. Ni mume wangu.

Kuna jambo moja silielewi. Kabla ya kugusa chupa alitazama kati ya paketi za glovu, rafu ya juu. Alitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta miwani. Akaridhika. Ndipo akachota, akajazia maji kutoka kwenye chupa yangu ya kunywea, akafunga, akapangusa kwa mkono wa shati. Mtu nadhifu.

Nilikaa na ile kadi ya kamera usiku mzima chini ya mto, yeye akikoroma kando yangu. Asubuhi nilimpa mkuu wa wauguzi. Alivuta kiti chake akanipa nikae.

Sasa yuko mahabusu. Wanamuuliza dawa alimuuzia nani. Anasema hakuuza. Alimpa nani basi? Nilikwenda, nikamuuliza kupitia wavu. Akaniambia, "Umekula leo?"

Wewe anakuheshimu. Mwandikie. Mwambie akitaja jina huenda wakampunguzia. Na kama unajua alijuaje pa kutazama, niambie.

Dada yako


11 Aprili

Waya,

Askari mmoja ni mteja wako wa zamani, ulimtengenezea redio. Ndiye aliyenipa karatasi.

Hapakuwa na doa. Nilitazama vizuri.

Sijasema ni ya nani na sitasema, hilo lala nalo. Lakini mpelelezi kaniambia kitu jana. Eti tangu mwezi wa tatu mke wangu ndiye aliyekuwa anashukiwa, na mkaguzi alikuwa anakuja kumpeleka jela. Mimi nalala naye kitanda kimoja, sikujua. Nikadhani ananuna kwa sababu ya uchovu.

Wewe ulilijua hilo? Nijibu hilo tu.

Shemeji yako


14 Aprili

Dada,

Ni mimi.

Dawa ilikuwa ya kwangu. Nina uvimbe kwenye uti wa mgongo, ule wa Mama, tangu Novemba. Mumeo hakuuza hata tone. Alikuwa ananiletea kwenye chupa ya dawa ya kikohozi na kunitania kwamba nakohoa kwa mgongo. Mpaka uliponiandikia kuhusu rangi, sikujua inatoka wapi. Barua yako kuhusu yule mwalimu niliisoma na chupa ikiwa mezani.

Baada ya hapo nilijua, na nitakuandikia kila nilichofanya, kwa sababu ukiulizwa na polisi usibabaike.

Nilifunga 850 ili yeye aone doa akimbie. Nilimwandikia mahali pa kutazama. Nikamwambia doa lisipokuwepo, achote. Sikumwambia kwamba unashukiwa wewe. Ningemwambia, angeacha siku hiyohiyo, unamjua. Ndiyo sababu sikumwambia. Ameniuliza kutoka mahabusu kama nililijua. Nimemjibu kwa neno moja.

Na kuna hili, ambalo hata yeye hajui. Barua yako ya tarehe 2, ya kwamba umebadili taa, ilinifikia tarehe 4. Yeye alichota tarehe 6. Nilikuwa na siku mbili na simu ya mkononi yenye chaji. Chupa ilikuwa imebaki vidole viwili. Nilikuwa naichukua simu, naiweka kando ya chupa, natazama kimojawapo. Nikajiambia labda hataingia wiki hii. Nikajiambia labda picha haitatoka vizuri. Mimi, niliyekwambia nne zinatosha.

Vile vidole viwili vilikwisha tarehe 9. Tangu hapo naandika mstari mmoja, napumzika, naandika mwingine. Barua hii ni ya siku tatu, tarehe niliyoweka ni ya uongo kidogo.

Wape barua hii. Nimeweka sahihi ya jina langu la cheti nyuma ya karatasi.

Waya


20 Aprili

Waya,

Barua nimewapa. Mume wangu anapanda mahakamani mwezi ujao. Mwanasheria anasema itamsaidia kidogo. Nilipomsomea mume wangu sehemu ya zile siku mbili aliniomba niisome tena, kisha akaomba maji.

Mimi sikufungwa. Wameniondoa stoo, sasa natunza mashuka.

Kuna jambo hukuwahi kuuliza, na shemeji yako hakuuliza, nyie watu wawili wenye akili. Mofini ile haiuzwi. Ni ya bure kwa kila mwenye cheti cha daktari kama chako. Unaandikwa kitabuni, unapewa chupa yako, yenye jina lako, kila Jumatatu. Kitanda cha tano, kando ya mwalimu, kilikuwa kitupu tangu Novemba mpaka Februari. Nilikuwa nakitandika mwenyewe. Mlinihurumia nisimuuguze mtu mwingine wa kwetu.

Nimekuandikisha. Gari la wagonjwa lina dereva mpya, atakuja kukuchukua Jumanne saa nne asubuhi. Beba cheti, picha ya mgongo, na nguo mbili. Dirishani utahudumiwa na msichana mgeni, ni mpole, atakuuliza maswali ya fomu, umri, kazi, dini, jibu kwa kifupi.

Akikuuliza kama una ndugu hapa hospitali, sema huna.

Mtunza mashuka